Nge katika Kifungu cha Kumi na Nne

Mimi ni karani. Kazi yangu ni nukta na mkato,
na kuhakikisha kurasa hazikosani namba.
Bukareshti, ghorofa ya tatu, chumba kisicho na dirisha:
hapo ndipo misitu ya Karpati huletwa kwangu
imekunjwa ndani ya bahasha ya kaki.

Jumatatu kifungu kilisema:
"Wizara italinda ushoroba wa wanyama
kati ya mlima na mlima, upana mita mia nane."
Alhamisi kikarudi kutoka kamatini kimenyolewa:
"Wizara ingelinda, endapo fedha zingekuwepo,
ushoroba huo, upana mita mia mbili."

Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena.
"Ta" imeng'olewa. "Nge" imepandikizwa.
Herufi tatu tu, mkia umepinda juu.
Nge kaingia ndani ya kitenzi
kama aingiavyo kiatuni usiku,
anangoja mguu wa mwenye haraka.

Nina mtu upande ule. Toader Hrișcă,
mume wa shangazi yangu, mpima miti.
Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja alinipeleka
kwenye mti wa fag uliokuwapo kabla ya barabara,
kabla ya kanisa, kabla ya jina la kijiji.
Tuliukumbatia watatu, yeye, mimi na Ruxandra,
na mikono yetu haikukutana.
Pengo likabaki, la mtu mmoja.
"Hapo pana mwenyewe," akasema, "hajazaliwa.
Msimlie nafasi yake."

Na gogo lililoanguka, limeota uyoga na miche ubavuni,
alinikataza kuliita maiti.
"Huyu bado analipa kodi."

Kamatini, Mheshimiwa Buzdugan
(binamu yake ana viwanda viwili vya mbao)
alisema dubu hapigi kura,
na hata akipewa mita elfu hatasema ahsante.
Wakacheka. Kikombe cha mtu kikapinduka
na kahawa ikateremka juu ya ramani,
ikafuata bonde, ikavuka barabara kuu,
ikapita palepale wanapopita wanyama,
haikuomba kibali.

Karani hasemi. Karani ni kalamu iliyovaa viatu.
Nikainua mkono.
"Mheshimiwa Mwenyekiti, hoja ya sarufi."
Kimya. Mtu akakohoa.
"Kifungu hiki, kama kilivyo, hakitungi sheria.
Kinasimulia majuto.
Ningejua huja nyuma, waheshimiwa.
Sheria hutangulia."

Sijui nilitoa wapi sauti ile.
Magoti yalikuwa yanagongana chini ya meza
kama vijiko.

Kumi kwa tisa, "ta" ikarudi.
Mita mia nane hazikurudi.
Zilikuwa mia tano saa nne asubuhi,
mia nne kabla ya chakula,
na baada ya supu, mia tatu na hamsini.
Nimezichapa mwenyewe, kwa tarakimu na kwa maneno,
ili asitokee wa kusema hakuelewa.

Machi, Toader akaandika.
Wamepigilia vigingi, vichwa vyekundu, kwenye theluji.
Alfajiri alikuta nyayo: dubu jike, watoto wawili.
Mama amefika kwenye kigingi, amekinusa,
amekizunguka mara moja, amepita ndani.
Mtoto mmoja kamfuata.
Wa pili kapita nje ya mpaka,
mita sita, upande ambao sheria haipo,
labda aliona kitu, labda alikuwa anacheza tu.

Toader hakuzifuta nyayo. Alizipima,
akazinakili kwa penseli, akanitumia
katika bahasha ya kaki.

Nimeiweka kwenye droo, juu ya kifungu cha zamani.
Mita sita.
Bunge litakaa Septemba.