Kona ya Nne

Oktoba, kabla ardhi ya Dauphin haijaganda,
baba alichora uwanja nyuma ya bili ya umeme:
futi arobaini kwa ishirini, mbao kumi na mbili,
nailoni nyeupe, isiwe nyeusi, nyeusi hunywa jua.
Akafunga uzi vigingini, akaweka pimamaji,
akaguna. Ua wetu ulikuwa umeinama
kama mtu anayesikiliza mlangoni,
inchi saba, kutoka jikoni hadi kwa akina Hnatiuk.

Tulijaza udongo. Tukapigilia.
Kona tatu zikakaa.
Ya nne iliangukia tuta la vitunguu saumu,
alivyopanda mama wiki moja kabla ya hospitali.
Baba alisimama na nyundo.
Kisha akaikata kona ile mshazari,
msumeno ukisema yaliyobaki.

Desemba alimwaga maji usiku,
tabaka nyembamba juu ya tabaka.
Haraka haina baraka, wala barafu.
Mpira wa maji ulimkakamalia begani,
ndevu zikaota chumvi.

Ostap, kaka yangu, alicheka:
uwanja gani huu wa kona tatu na nusu?
Lakini kisahani kikigonga mshazari ule
kilirudi kwa pembe ambayo
hakuna kipa wa mjini aliyeijua.
Nilijifunza kuisubiri, gongo chini, magoti yamekunjwa.

Aprili barafu ilioza.
Baba alifungua mbao, akaziandika namba.
Tutani, vidole vya kijani vilishatokeza;
nilihesabu vinane, nikaacha.
Yeye alisema tu: mwakani
tuongeze futi mbili.
Upande ule mwingine.