Swali la Nyongeza

Kazi yangu ni kuandika wanachosema,
si wanachomaanisha.
Miaka kumi na minne katika ukumbi huu wa Cardiff,
mbao juu, kioo pembeni, na ghuba nje
yenye rangi ya chai iliyosahauliwa mezani.
Kikohozi hakiandikwi. Kimya hakiandikwi.
Mheshimiwa akigugumia, namnyoosha.

Jumatano, swali namba saba: Mererid Bebb,
mbunge wa Cwm Hesgen. Viatu vyake vina tope la kwetu;
nalijua tope lile, lina vumbi la makaa ndani.
Anauliza habari ya bwawa la kuogelea,
lililotiwa mnyororo tangu Oktoba.
Anainua karatasi, cheti cha daktari
cha Hefina Pugh, miaka sabini na tisa,
nyonga ya kushoto, mwezi wa ishirini na tatu
kwenye foleni ya upasuaji.
Dawa: kuogelea, mara mbili kwa juma.

"Mheshimiwa Spika, mgonjwa huyu
dawa hii akainywe wapi? Kwenye karai?"

(Kicheko), naandika. Kicheko kina mabano yake.

Waziri anasimama. Ana sauti ya mtu aliyelala vizuri,
na majibu yake, sijui kwa nini,
hunifikia masikioni yakiwa na vina:

    Namshukuru mwenzangu, kwa swali lenye uzito,
    Limetua mbele yangu, sitalijibu kitoto,
    Utafiti wa mafungu, umo kwenye mchakato,
    Subirini, ndugu zangu, kwani hali bado nzito.

Limefungwa kila upande.
Hata ncha ya kisu haipenyi.

Mererid haketi. Swali la nyongeza.

Kuna uwanja wa mchanga nyuma ya machinjio ya zamani,
mbio za mbwa kila Jumamosi, chai na dau dogo dogo.
Mbwa jike wa rangi ya majivu, jina lake Plu,
kwa lugha yetu ni unyoya,
alivunjika mguu wa nyuma kwenye kona ya kwanza.
Daktari wa mifugo akataja bei ya kuunga mfupa.
Mwenye mbwa akataja bei ya mbwa mwingine.

"Michezo ni wizara moja, afya ni nyingine,
wanyama wana dawati lao ghorofa ya tatu.
Mfupa, Mheshimiwa Spika, ni mfupa.
Nauliza tu: ukivunjika Cwm Hesgen
unaandikwa katika daftari la nani?"

Hapo vidole vyangu vikakwama.
Baba yangu alifuga mbwa wa mbio.
Jumamosi moja, nikiwa na miaka tisa,
alirudi na kamba mkononi, kamba peke yake,
akanipa chokoleti kabla sijafungua kinywa.
Nikaila. Ilikuwa na lozi.
Tangu hapo naandika maswali ya wengine.

Waziri akanywa maji, akafunua ukurasa:

    Ustawi wa wanyama, tumeuweka kwa mbele,
    Kamati tumeituma, ikague polepole,
    Tutarejea mapema,

na saa ya Spika ikalia.
Muda umekwisha. Swali namba nane, barabara.
Mstari ukabaki na mguu mmoja hewani.
Nikaweka nukta, kama sheria inavyotaka,
nikajua nimedanganya.

Treni ya saa kumi na mbili, kisha basi, kisha mvua.
Mbele ya bwawa wavulana wanapiga mpira ukutani,
na Hefina Pugh, koti la plastiki, kofia ya kuogelea,
ameshika reli ya maegesho,
anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi,
akinyanyua magoti juu, taratibu,
kama mtu aliyemo majini hadi kifuani.
"Wamesemaje huko?" akaniuliza.
Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno la mtu,
nikatazama mlango, nikamalizia ule mstari:

    kufuli ni lilelile.