Sehemu ya Nne: Makosa Yanayoweza Kutokea

Helve Raudsepp anaandika mwongozo
ghorofa ya tatu, Tartu, mwezi wa pili,
saa tisa alasiri na taa zimeshawashwa.
Nje, mto Emajõgi umejifunika barafu gubigubi.

Chombo chenyewe ni kidogo:
unakipa swali, kinakupa bei.
Je, barafu ya mto itavunjika kabla ya tarehe kumi Aprili?
Sifuri nukta tatu saba.
Basi. Hata salamu hakiongezi.

Mwenye macho haambiwi tazama;
msomaji wa Helve hana, basi aambiwe kila kitu.
Ni wakala, akili mnemba iliyotumwa na mtu aliyelala.
Huja usiku, husoma mara moja,
haulizi, "Hapa ulimaanisha nini?"
Ukimwandikia "kwa kawaida," atadhani ni sheria.
Ukimwandikia "labda," ataitafuta labda iko safu ya ngapi.

"Bei ni namba kati ya sifuri na moja."
Anafuta.
"Bei ni kiasi ambacho mgeni mmoja amekubali kulipa
na mgeni mwingine amekubali kupokea
kwa ajili ya jambo ambalo halijatokea."
Urmo, aliyekiunda chombo, anasimama nyuma yake na kikombe.
"Ndefu mno. Mashine haihitaji falsafa."
"Si falsafa. Ni onyo."
Urmo anakuna shingo.
Onyo linabaki, kwa herufi ndogo.

Kisha safu ya muda: saa ya biashara ya mwisho.
Kwa maana bei nazo huchacha.
Yapo maswali hayajaguswa tangu Novemba,
namba zake zimekaa kama chai iliyosahauliwa dirishani:
rangi ni ileile, hebu ionje.
Kisha safu ya kina: fedha kiasi gani zimesimama nyuma ya namba.
Watu wawili wakibishana gizani
hawajawa soko.

Sasa anahitaji mfano.
Anaandika neno la kwanza linalomjia, "mbao,"
na chombo kinamrudishia, kitiifu:
Je, kiwanda cha mbao cha Õisma kitafungwa kabla ya Juni?
Sifuri nukta nane moja.
Muda: dakika mbili zilizopita.

Õisma. Kaka yake, Taavet,
miaka kumi na tisa kwenye msumeno uleule,
kidole kimoja kifupi.

Anampigia.
"Umesikia lolote huko kazini?"
"Kuhusu nini?" Kelele za mashine. "Tumeletewa glavu mpya."
Nane moja. Anabofya tena. Nane tatu.

Nani anajua?
Karani wa mahesabu, pengine, mwenye siri na deni.
Au kijana wa Osaka anayekisia tu.
Au wakala aliyeiona nane moja jana usiku,
akanunua kwa sababu ilikuwa nane moja,
na wa pili akanunua kwa sababu wa kwanza amenunua,
na hakuna hata mmoja aliyewahi kunusa msonobari uliopasuliwa.
Mali bila daftari, tunasema, hupotea bila habari.
Hapa daftari lipo, limenyooka, lina saa na sekunde.
Habari ndiyo isiyojulikana ilikopitia.

Glavu hazina safu.

Anarudi sehemu ya nne.
"Swali halipo: hakiki jina."
"Umeuliza mara nyingi mno: subiri."
"Soko limefungwa: jibu limeshajulikana."
Kidole kinasita juu ya kitufe, kisha anaongeza:
"Bei ikipanda, usimwambie mtu kwamba jambo limetokea."
Urmo atalifuta hilo kesho, au hataliona.

Kwa mfano anaweka barafu.
Barafu haina kaka.

Jioni simu inatetema. Taavet ametuma picha:
glavu za manjano, jozi mbili,
bado zimo ndani ya nailoni,
na chini yake, "Unataka moja? Zinakutosha."
Helve anaitazama hadi kioo kinazima.
Barafu: tatu sita.