Kwa Bwana Hosaka, Aliyekuja na Ramani

Bwana Hosaka, umepanda vidato sitini na vinane
hadi kwangu, ghorofa ya tano, jengo la kumi na nne.
Umefika unahema, ramani kwapani,
na neno moja mdomoni: kufufua.

Kaa kwanza. Kunywa chai.
Anayefufuliwa ni maiti, mwanangu,
na mimi leo alfajiri nimefua mashuka mawili,
hayo hapo nje, yanagombana na upepo.
Kufua najua.
Kufufua, sijui.

Ramani yako ina rangi mbili.
Huku Tama, vilimani, magharibi ya Tokyo, ni kijivu:
nyumba tupu, maduka yaliyoshusha milango ya bati,
shule iliyofungwa, sasa ghala la viti vya mikutano.
Kule kusini baharini, kidoa cha buluu
kisichozidi punje ya mchele,
kimefungiwa kwenye kisanduku pembeni
kwa sababu karatasi haikutosha.

Kisandukuni humo ndimo nilimozaliwa.

Hukujua.
Magari ya kule yana namba za Shinagawa,
mtaa ambao hayatauona hadi chumvi iyamalize.
Meli huondoka usiku, na karani hutangaza:
tunaondoka kwa masharti.
Maana yake, gati likikataa mnarudi
na mizigo yenu, na matapishi yenu.
Harusi ya mdogo wangu Fumie, gati lilikataa mara mbili.
Bwana harusi alisimama ufukweni akitupungia kofia,
sisi tukampungia keki.

Kisha mlima ukatema moshi wa kiberiti.
Tukaletwa huku, kila mtu na mfuko mmoja,
tukapewa funguo, mablanketi,
na majirani wasiojua waanzie wapi kutusalimu.
Bi Tsurumaki wa ghorofa ya pili alileta sufuria ya viazi,
akaitua mlangoni, akakimbia.
Sufuria ile ina miaka ishirini na ushei ikipanda na kushuka,
na haijapata kusafiri tupu.
Hiyo umeipaka rangi gani?

Moshi ulipopungua, Fumie alirudi
na barakoa ya gesi shingoni kama kidani.
Mimi nilibaki. Nilikwisha kumzika mume wangu huku,
na mwenye kaburi ana anwani.
Jumapili tunapigiana simu.
Yeye husema: kwetu wamebaki wanafunzi wanne.
Mimi husema: kwetu taa nne, upande wote wa mashariki.
Halafu tunacheka, sijui kwa nini,
tunacheka mpaka betri inakwisha.

Unauliza, tunahitaji nini.
Kalamu unayo? Andika.
Benchi, ghorofa ya tatu, mahali magoti yanapoomba radhi.
Duka moja lifunguliwe, hata la nyuzi na vifungo,
mtu apate sababu ya kuvaa viatu.
Fumie anataka daktari wa meno
anayekuja siku aliyosema atakuja.
Tamasha hatujaomba.
Wala lile dubwana la katuni lenye macho ya sahani
mlilotuletea mwaka jana, kijana wa watu ndani yake
akakaribia kuzimia kwa joto.
Nilimpa maji. Alikuwa mpole sana.

Usiondoke mikono mitupu.
Nyuma ya jengo, palipokuwa na bembea,
nimepanda jani la kisiwani, ashitaba.
Jina lake lina kesho ndani yake:
ukilichuma leo, kesho shina linasukuma jingine.
Naona macho yako yameng'aa. Hapana.
Usilichape kwenye bango.
Lichovye kwenye unga, likaange, chumvi kidogo,
ule na mkeo. Au peke yako, kama huna.

Na ukishuka shika chuma cha pembeni.
Kidato cha kumi na moja kimelegea tangu tetemeko.
Idara yako inajua.
Nimeiandikia barua tatu.