Fimbo Kutoka Duluth

Niliiviringisha mezani, ncha ikarukaruka,
tap, tap, kama kuku anayedonoa.
"Imenyooka," lilisema tangazo. Dola mia mbili na kumi:
mbuzi wa kwenye gunia, na nimempandisha ngazi mwenyewe.

Nikampigia picha Bi Lorna Haugen, nuru ikipenya chini ya mti
kwa unene wa kadi ya benki.
Akajibu usiku: "Ilitoka kwangu imenyooka.
Orville aliitumia miaka thelathini.
Labda ni baridi ya njiani. Labda lori."

Kampuni ikataka fomu, stakabadhi, siku kumi.
Haki ilikuwa yangu. Nikajaza hadi mstari wa sahihi.

Kisha nikaigeuza.
Kwenye mshikio, gumba la mtu limechimba kishimo,
upande usiokaa mkononi mwangu.
Orville alikuwa mashoto.
Huenda ilipinda polepole mikononi mwake,
naye akawa analenga huku akifidia kombo,
mkewe asijue.

Nikamwandikia: nusu yatosha.
Akatuma zote, na chaki ya buluu iliyoliwa katikati.

Nusu nimeirudisha Duluth.
Chaki, hapana.