Kishikio cha Kioo, Mlango wa Kushoto

Nilikwenda kwa Bentancur Jumanne, nikarudi Jumatano,
kwa sababu Jumanne alikuwa akichinja kondoo
na mtu mwenye kisu mkononi haulizwi habari za vipuri.

Pikapu yetu ni ya mwaka hamsini na moja.
Kila muuzaji namwambia hivyo, polepole,
kama anayetaja jina la mgonjwa kwenye dirisha la hospitali.
Wa Durazno akanipa cha hamsini na nne, kinene shingoni.
Wa Paso de los Toros akanipa cha lori:
kingefungua lango la kanisa.
Yule wa Montevideo akatuma kwa posta kitu kinachong'aa,
kimetengenezwa mwaka jana, chepesi kama kijiko cha hotelini,
na kikaratasi: "Ni kilekile."
Kilekile!
Mtoto wa jirani anafanana na wako,
ila jioni humwiti kula.

Meno kumi na tisa.
Ndivyo kisemavyo kitabu cha kiwanda,
ukurasa ulioliwa na panya pembeni:
shimo la kishikio lina meno kumi na tisa
na kirungu cheusi chenye pete ya nikeli.

Sisi tulikuwa na koki.
Tangu nipate akili, kioo cha mlango wa baba
kilipandishwa kwa koki ya bomba la bustani,
ya shaba, imechongwa F, ya fría, maji baridi.
Mbele ya shule watoto walipiga kelele:
"Don Anselmo, fungulia maji!"
naye akazungusha, akashusha kioo, akawapungia kofia.
Mkosa titi la mama hata la mbwa huamwa,
lakini mimi nilikua nikimwonea haya mbwa.

Alifariki Machi. Nikaapa
kila kitu kirudi kama kilivyotoka kiwandani.

Bentancur akafuta mikono kwenye suruali,
akamwaga mezani mkebe wa biskuti:
vitasa, funguo zisizo na mlango, risasi moja, kishikio.
Akahesabu meno kwa ukucha wa kidole gumba.
Kwenye la kumi na mbili mbwa akabweka,
akaanza upya.
Kumi na tisa.
Alichonitoza sikisemi; mama yangu bado yu hai.

Nyumbani Heber alishika tochi.
Nikaing'oa koki, nikakisukuma kishikio ndani,
kikaingia kwa ulaini hata nikasema: chanda na pete.
Nikazungusha.
Kikazunguka.
Kioo hakikujua kama nimefika.
Pete, ndiyo, lakini chandani mwa aliyekonda.

"Lete mwanga."
Ekseli haikuwa na jino hata moja.
Baba aliyasaga yote kwa tupa, jino kwa jino,
akaifanya pembe nne ili koki ipate pa kuuma.
Mikwaruzo bado inaonekana, imelala kwa nyuma,
kama mwandiko wake: alikuwa wa mkono wa kushoto.
Niliweka kidole pale, nikakiacha.

Heber akazima tochi kuokoa betri.
"Basi kipuri ni sahihi," akasema.
"Gari ndiyo imekosea."

Usiku ule upepo wa kusini ulileta mvua ya ubavuni.
Nikatoka na koti la kulalia, kiti kishalowa,
nikairudisha koki, F ikinitazama.
Kioo kikapanda kwa malalamiko yake ya zamani,
kikasimama vidole viwili kabla ya juu,
palepale.

Kishikio kiko jikoni, kwenye msumari.
Heber anavunjia njugu.

Ijumaa Bentancur akapiga simu.
Amepata mtambo mzima wa kioo, hamsini na moja,
ekseli na meno yake yote, haujaguswa na tupa ya mtu.
Ni wa mlango wa kulia.
Nikamwambia aniwekee.
Nikauliza bei.
Akakohoa, kama wanavyokohoa wote.