Daftari la Safu Mbili

Miaka ishirini na saba, pale kiwandani Moshi mjini,
nilipima kahawa ya wengine:
gunia huku, jiwe kule, kalamu sikioni,
wala sikuwahi kupima nilichokula mimi.

Sasa ninacho kimashine, ukubwa wa kiberiti.
Kinakunywa tone la kidole changu
kisha kinanisomea habari zangu kama karani mkali:
Machalari, usiku. Kumi na tatu nukta mbili.

Nesi alinipa karatasi.
Nzuri, ya rangi, imepigwa plastiki.
Ndani yake mtu mwembamba asiyenijua
anakula samaki wa bahari ya barafu
na kitunda cha zambarau ambacho sijakiona
hata kwenye friji za supamaketi.
Nikaikunja, nikaisokomeza chini ya mguu wa meza.
Meza ikatulia.
Mimi bado.

Ndipo nikanunua daftari.
Safu ya kwanza: sukari.
Safu ya pili nimeibuni mwenyewe: hatua.
Chakula hiki kimetembea kiasi gani hadi kunifikia?

Mnafu, kando ya mfereji: hatua arobaini.
Maharage ya Kiboriloni: elfu tisa, na magoti yakalalamika.
Parachichi lililoanguka usiku juu ya bati: sifuri,
maana lilinijia lenyewe, tena kwa kishindo.
Tofaa lenye stika: meli, baridi, lori, baridi tena.
Nilihesabu mpaka Dodoma nikaishia hapo.
Nikaandika, "Limechoka kuliko mimi."

Dada yangu Aikande alicheka mpaka akakohoa.
Tukaketi, sahani mbili, sufuria moja,
kiburu kilekile, mwiko uleule.
Yeye: saba. Mimi: kumi na moja.
Tumetoka tumbo moja, tukanyonya ziwa moja,
tukagombania blanketi moja kila Julai hapa Uru,
na bado kiburu kinatujua mmoja mmoja
kama mbwa anavyomjua mgeni.
"Basi kosa si la chakula," akasema, "ni lako."
"Si langu. Mimi na ndizi tumegombana tu.
Tunatafuta msuluhishi."

Tulijaribu wiki tatu.
Maharage mengi, ndizi kidogo,
nyanya chungu mbili, mnafu wa kujaa kiganja,
halafu kutembea hadi mfereji na kurudi
kabla sufuria haijaoshwa.
Nane nukta moja!
Nilipiga ukelele, kuku wakatawanyika.
Niliandika kwa wino mwekundu, kama siku ya mshahara.
Aikande akajaribu vilevile. Akapanda.
Yeye amani yake iko kwenye magimbi. Nani angejua?

Usidhani nimekuwa mtakatifu.
Arusi ya binti wa Lyatuu imo humu, ukurasa wa kumi na sita:
"Mbege, kata mbili. Mbavu za mbuzi.
Sukari: usiniulize.
Hatua: mbuzi alikuja kwa miguu yake, maskini, kutoka Sanya."

Likizo alikuja mjukuu, Shose, kutoka Arusha,
begi limejaa tambi za pakiti.
Akalisoma daftari lote amesimama, hasemi kitu.
Mnafu hautaki; anasema unaonja kama dawa ya mnyoo.
Niliufungua mdomo nimhubirie,
nikakumbuka mguu wa meza.

Sikumpa ukurasa wangu. Nilimpa ukurasa mtupu.
Akaandika, kwa mwandiko wake wa kulala:
"Hindi la kuchoma. Matunda damu manne, kwa kijiko.
Hatua: nimepanda mti, je, nazo zinahesabiwa?
Tambi: kutoka dukani hatua kumi na mbili.
Duka limezitoa wapi, babu?"

Sijamjibu. Sijui.

Usiku bati linagonga tena.
Nawasha tochi, natafuta kandambili.
Kalamu kwanza.